Mbegu za Roshani

Bwenini, 12 Januari

Shikamoo Kaka,

Nimefika salama, begi halikupotea, na kitanda nilichopewa ni cha juu, karibu na dirisha. Msichana wa kitanda cha chini ameniuliza maswali mengi, yote nimeyajibu kwa kutikisa kichwa. Najua unacheka. Cheka tu, lakini ukimaliza soma barua hii mpaka mwisho, maana inahusu roshani.

Naogopa, Kaka. Tangu basi liondoke namwona Bwana Dawa akipanda ngazi zetu na lile bomba lake la kupulizia wadudu mgongoni. Najua kuangalia jengo ndiyo kazi yake, lakini siku ninaondoka alisimama chini, akainua kichwa mpaka ghorofa yetu ya tatu, akasema, "Huko juu mnafuga nini?" Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na sentensi nzima kichwani, nimeipanga na mikato yake yote. Ikabaki humo humo.

Basi nakueleza wewe. Sahani ya maji iwe na mawe yanayotokeza juu, kwa sababu nyuki akinywa anahitaji pa kusimama, hajui kuogelea. Lile fungu la matete chini ya dirisha si kuni. Kuna nyuki wadogo wasioishi mzingani. Kila jike hutaga peke yake ndani ya tundu na kuliziba kwa udongo. Hawana asali wala ugomvi. Mrehani na giligilani viache vitoe maua hata Mama akiyataka majani. Kwenye mlimao wa kopo utaona vitu kama kinyesi cha ndege. Usivifute! Ni viwavi, wanajifanya kinyesi ili ndege wasiwale. Watakuwa vipepeo, na mlimao utavumilia.

Zaidi ya yote, usiukate ule mmea unaotambaa kwenye vyuma. Mbegu zake niliziokota mwaka juzi kwenye uzio nyuma ya soko, kwa sababu vitabu vinasema mmea wa asili ya mahali unajuana na wadudu wa mahali hapo, kama watu waliokulia mtaa mmoja. Sasa ndege chozi amening'iniza kiota ndani yake. Majani yale yakiondoka, kunguru watakiona.

Simu haziruhusiwi hapa. Ya ofisini ipo, lakini unasimama mbele ya Mwalimu wa Zamu, unasema shida yako kwa sauti huku foleni nzima ikisikiliza, kisha yeye ndiye anayeamua kama ni shida. Heri nile chaki. Tuandikiane. Gari la shule hupeleka barua posta kila Ijumaa.

Msalimie Mama. Mbusu mdogo wetu Kifaranga shavuni, upande usio na uji.

Mdogo wako,
Konokono


Nyumbani, 24 Januari

Marahaba Konokono,

Barua yako niliisoma mteja akiwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Akaniuliza, "Ya mchumba hiyo?" Nikamwambia, "Ya bosi wangu. Yuko kidato cha tatu."

Roshani ipo. Nyuki wanakunywa wakiwa wamesimama kama watu wenye adabu. Viwavi wanaigiza kinyesi vizuri mno, wapewe tuzo. Jana Mama alirudi kutoka kiwandani akanyoosha mkono kuchuma giligilani, nikamzuia. Akaniuliza tangu lini pa kuanikia nguo pamekuwa nyumba ya wageni. Lakini hakuchuma.

Sasa nikuambie jambo, na usimwambie mtu. Kuna kitu kinatembea ndani ya mmea wako. Majani yanacheza na upepo haupo. Mimi na nyoka hatujasalimiana tangu nizaliwe, na umri huu sioni haja ya kuanza. Kwa hiyo namwagilia nikiwa mlangoni, narusha maji kwa kikombe kama mtu anayefukuza paka wa jirani. Kifaranga ndiye shujaa wa nyumba. Anaingia mpaka kona, anachuchumaa, anazungumza nao. Nikamuuliza kuna nani humo. Akasema, "Wageni wa dada." Miaka yake minne hiyo imemzidi kaka yake moyo. Mimi nanyoa hapa sebuleni, yeye yuko pale mlangoni mwa roshani namwona kwenye kioo, na siku inakwenda. Heri acheze na majani kuliko mikasi yangu.

Bwana Dawa alikuja. Alisimama katikati ya sebule akanusa kama mbwa. Anasema jengo limejaa wadudu, na wote wanatoka kwetu. Mwisho wa Februari anapuliza dawa korido zote. "Na hiyo roshani yako," akasema, "nikikuta bado ni pori, naanzia hapo." Nikamwambia akae nimnyoe bure. Akasema kichwa chake hakihongeki. Kweli hakihongeki, hakina hata nywele.

Nifanye nini, bosi?

Kaka yako,
Kinyozi


Bwenini, 2 Februari

Shikamoo Kaka,

Kinachotembea ni mjusi au kinyonga. Nina hakika karibu yote. Nyoka angepandaje ghorofa tatu bila kuonekana na majirani wetu, ambao wanaona hata barua ikipita?

Kuhusu Bwana Dawa, sijalala vizuri. Dawa yake haichagui. Itaua mbu, na itaua nyuki wa kwenye matete kabla hawajatoboa udongo kutoka. Chozi atalisha watoto wake wadudu wenye sumu bila kujua. Jana usiku nimeota nimefungua mlango wa roshani nikakuta kimya. Hakuna kilichokufa mbele yangu, ni kimya tu.

Lakini nimefikiri. Roshani yetu inaonekana pori kwa sababu iko peke yake. Kama zote zingekuwa na kijani, nani angetunyooshea kidole? Ule mmea unaotambaa sasa unapaswa kuwa na maganda makavu. Yakipasuka utaona mbegu zimeshika humo ndani, nyekundu zenye jicho jeusi. Zichume. Mpe Kifaranga kazi hiyo, vidole vyake ni vidogo na ataifurahia. Kisha wagawieni watoto wa jengo, kila mmoja apande kwenye kopo. Waambie ni mbegu za ndege chozi. Watoto wakipenda kitu, wazazi watamzuia Bwana Dawa wenyewe.

Mwalimu wa sayansi ametaka niwaeleze wenzangu habari za roshani yetu mbele ya darasa. Nilisimama. Nikatazama dirishani mpaka akaniambia nikae. Ningekuwa na ulimi wako, Kaka, nusu tu.

Usiache wapulize.

Konokono


Nyumbani, 16 Februari

Konokono wee,

Ni kinyonga! Alitokea juu ya kamba ya nguo, kwenye shati langu jeupe, akanitazama kwa jicho moja, jingine akiliangalia jiji. Nilipiga ukelele, na mteja akakimbia na taulo langu shingoni mpaka chini. Kifaranga akacheka hadi akakaa chini. Sasa jengo zima linaniita Shujaa, na mimi naitika.

Wazo lako ni la mtu aliyesoma. Maganda yamepasuka, na kumbe umetupandia mapambo! Sijawahi kuona mbegu nzuri namna ile, zinang'aa kama zimepakwa rangi ya kucha. Kifaranga amechuma bakuli zima. Watoto wa ghorofa ya pili na ya nne walikuja kupanga foleni hapa sebuleni, na yeye akawagawia kwa heshima, kila mmoja anaambiwa "usidondoshe." Mama wa ghorofa ya nne amesema ataweka makopo dirishani. Mpango wako unafanya kazi, bosi.

Zilizobaki nimezitoboa kwa sindano niliyoichoma kwenye moto, maana ganda lake ni gumu kama roho ya Bwana Dawa. Nimemtungia Kifaranga mkufu. Tangu auvae hakai mbali na kioo. Analala nao, anaoga nao, na akiwa anawaza huuweka mdomoni. Nikamwambia shanga si peremende. Akanijibu, "Najua, haina sukari."

Na wewe nimekutungia bangili, iko ndani ya bahasha. Ivae siku ukitakiwa kusimama mbele ya darasa. Useme ni dawa ya ulimi, umetengenezewa na mganga wa nywele.

Kaka yako,
Shujaa


Nyumbani, 27 Februari

Konokono,

Hii ni fupi. Usishtuke.

Bwana Dawa amepuliza korido juzi. Roshani yetu hakuigusa, kina mama wa juu walisimama mlangoni wakamgomea, ungefurahi. Lakini harufu ilipita chini ya mlango, na usiku ule Kifaranga akaanza kutapika. Nilimfuata yule mzee mpaka chumbani kwake chini. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwenye barua inayoingia shuleni. Akasema dawa yake haijawahi kudhuru mtoto. Nikamwambia leo imedhuru. Akakaa kwenye ndoo yake akishika kichwa.

Zahanati wamesema ni tumbo, huenda na hiyo dawa imechangia. Wametupa dawa ya kuzuia kutapika na maji ya chumvi na sukari. Mama ameomba ruhusa kiwandani, wamempa siku moja tu. Mimi nimefunga kazi asubuhi, mchana nanyoa.

Ili asivute tena harufu ya korido, nimemtandikia godoro roshani, kwenye kivuli cha mmea wako. Hewa ni safi huko. Analala, anaamka, anacheza kidogo na maganda yanayodondoka, analala tena. Mkufu umebaki na mapengo, nadhani uzi umelegea na shanga zinadondoka. Nitautunga upya.

Ni kitu kidogo, usikiweke moyoni. Una mitihani.

Kinyozi


Maktaba, Jumamosi, 1 Machi

Kaka,

Usiache mtu yeyote aguse zile mbegu.

Ngoja niandike kwa mpangilio. Nilikuwa maktaba natafuta jina la kitaalamu la ule mmea ili nilitumie kwenye insha. Nimeupata. Picha ni ile ile, majani yale yale yaliyopangwa kama unyoya, ganda lililopasuka, mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Bangili yako ilikuwa mkononi mwangu, nikaiweka juu ya picha kulinganisha. Kisha nikasoma maneno ya chini.

Ni sumu, Kaka. Si sumu ya kuwasha ngozi. Kitabu kinasema mbegu ikimezwa nzima, ganda lake gumu linaweza kuizuia, ikapita. Lakini iliyotafunwa, au iliyotobolewa, ndani yake kuna kitu ambacho kidogo sana kinatosha kumuua mtu mzima. Hakiui papo hapo. Mtu anaweza kukaa saa nyingi, au siku, hana kitu. Kisha tumbo. Kitabu kinasema kitu hicho kimewaua watoto waliozifanya shanga.

Wewe umezitoboa kwa sababu mimi nilikuambia zichumwe. Nilisema Kifaranga achume. Niliandika "ataifurahia". Niliandika wagawiwe watoto wa jengo. Mwaka juzi nilisoma kwamba mmea ni wa asili, nikafurahi, nikafunga kitabu. Sikufungua ukurasa wa pili.

Mvue mkufu sasa hivi. Muoshe mikono. Mtazame mdomoni. Kama anaumwa chochote, hata mafua, mpeleke hospitali kubwa, usimpeleke zahanati, na uchukue mkufu uwaonyeshe. Pita kila mlango wa

Kaka, gari la posta lilienda jana.

Barua hii itakaa kwenye mfuko wa ofisi mpaka Ijumaa. Kisha itasafiri. Nimekaa hapa nachagua maneno kana kwamba uko upande wa pili wa meza. Kifaranga anaweka shanga mdomoni anapowaza, uliniandikia mwenyewe.

Nasikia foleni ya ofisini kutoka hapa. Ni ndefu, ni Jumamosi.

Naona hata mwandiko wangu umekuwa kama wako. Naenda. Sijui nitasema nini, naenda


Hospitali, wodi ya watoto, 3 Machi

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje. Nimepiga simu shuleni kwenu mara mbili, wakasema watakufikishia ujumbe. Nikawaambia sina ujumbe. "Sijui kama atapona." Huo ni ujumbe gani wa kumpa mtoto wa watu aliyepokea simu aandike kwenye karatasi? Nimewaambia tu yuko hospitali, hali ni ile ile.

Acha nikueleze ile simu kwa upande wangu, maana najua wewe uliikata haraka.

Nilikuwa namnyoa jirani wa chini. Sauti ya mwanamke ikasema ni shule, subiri. Kisha kimya. Nikajua ni wewe, hakuna mwingine anayenyamaza vile. Nikaleta mzaha wangu, "Konokono, umetoka kwenye gamba?" Ukauliza Kifaranga yuko wapi. Nikasema amelala roshani, leo ametulia, hatapiki tena, ngoja apumzike. Ukasema, "Mwamshe." Nikasema jamani, mtoto hajalala siku mbili. Ndipo ukapiga ukelele. "Mwamshe! Mwamshe, Kaka! Mvue!" Hata jirani aliyekuwa kwenye kiti aliisikia, akasimama na sabuni kichwani. Miaka kumi na sita nimeishi na wewe, sikujua una sauti hiyo.

Nilikwenda kumwamsha. Hakuamka, Konokono. Alifungua macho yakapita juu yangu kama hayanijui. Midomo ilikuwa imekauka. Mkononi alikuwa ameshika mbegu, na nyingine ilikuwa imevunjika juu ya shuka.

Nilikuficha. Ile tarehe 27 alikuwa anaharisha damu. Sikuandika kwa sababu ya mitihani yako. Nilidhani nakusaidia.

Daktari alisikiliza kidogo tu. Nilipompa mkufu, alivaa glavu kwanza ndipo akaupokea. Anasema hakuna dawa ya kuitoa sumu hiyo. Wanampa maji ya mshipa na tunangoja. Hajakojoa tangu juzi. Akikojoa, anasema, ni dalili njema. Kwa hiyo mimi na Mama tunakaa hapa tunangoja mkojo kama watu wanaongoja mvua.

Mbegu za wale watoto nilimwachia Bwana Dawa. Nilimpigia simu nikiwa njiani. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Ghorofa gani, watoto gani?" Alipita mlango kwa mlango na glavu zake za mpira, akafukua makopo, akapindua mifuko ya sare za shule. Anasema mpaka sasa hakuna mwingine anayeumwa. Anasema "mpaka sasa" kila mara. Natamani aache kuyasema maneno hayo.

Mama amekaa kando yangu. Ananitazama mikono.

Kaka yako


Bwenini, 9 Machi

Shikamoo Kaka,

Leo nimepata barua zako mbili pamoja, ya tarehe 27 na ya hospitali. Niliifungua kwanza ya 27. Najua sasa kilichotokea baadaye, lakini nilipofika uliposema umemtandikia godoro chini ya mmea, nilisema "mtoe" kwa sauti, peke yangu, kitandani. Msichana wa chini akainuka kuniangalia. Hakuuliza kitu. Akanipa maji.

Hukuona upande wangu wa simu. Nilipita foleni yote. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye kikaratasi, nikamsukumia Mwalimu wa Zamu mezani. Akakirudisha. "Una mdomo. Sema." Nikasema, "Mdogo wangu anakula sumu na ni mimi niliyeipanda." Sikusema kwa sauti kubwa, lakini foleni yote ilisikia. Mwalimu hakuamua kama ni shida. Alipiga namba yako yeye mwenyewe.

Tangu siku ile kila mlango wa darasa ukifunguliwa nadhani wamekuja kuniita. Waliniletea ujumbe wako kwenye karatasi: "Yuko hospitali, hali ni ile ile." Ile ipi? Nimeusoma mpaka maneno yamepoteza maana. Mwalimu amesema naweza kwenda kupiga wakati wowote, bila foleni. Naenda kila jioni. Nafika kwenye ngazi za ofisi, nasimama, narudi. Wakati sijui, bado yuko hai. Ndivyo ninavyowaza, Kaka. Nikipiga, huenda nikajua.

Ng'oeni vyote. Matete, mrehani, mlimao, kila kitu. Mwite Bwana Dawa apulize mpaka kwenye nyufa. Nilitaka kila kiumbe kipate mahali, na sikufikiria kiumbe wetu sisi.

Na mwambie Mama likizo nitabaki hapa. Wapo wanaobaki. Sitaki aniangalie mikono na mimi.

Konokono


Nyumbani, 17 Machi

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, unajua. Mkono wangu umezoea masanduku ya sabuni. Lakini kaka yako amenisomea yako, na nimemwambia anipe kalamu, hii ataandika mama mwenyewe.

Mdogo wako alikojoa tarehe 5, alfajiri, kitandani, mpaka shuka la tatu. Nilipiga makofi. Muuguzi alidhani nimerukwa na akili. Kaka yako alipiga shuleni asubuhi ile, wakasema watakufikishia; kwa barua yako naona hawakukufikishia. Tumerudi nyumbani juzi. Amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku kweli. Tutakuwa tunarudi kupimwa figo, daktari hajasema mpaka lini, na mimi kila akienda msalani namfuata nyuma. Usiku naweka mkono kifuani pake nione kama kinapanda. Sikudanganyi kwamba hofu imeisha. Ila yuko hai, na leo amegombana na kaka yake juu ya uji.

Wa majirani wako salama wote. Bwana Dawa alikuja kumwona mgonjwa, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Kaka yako amemnyoa ndevu.

Sasa habari ya roshani. Ule mmea kaka yako aliung'oa siku ile ile tuliyolazwa, nilimtuma mimi, alirudi nyumbani kwa saa moja tu, akauweka ndani ya gunia. Kiota kilikwenda nao. Vilikuwemo vitoto. Yule ndege alikuja kwenye chuma tupu siku nyingi, kaka yako anasema, anatafuta. Nakwambia kwa sababu ungeuliza. Mimi sikuweza kungoja watoto wa mwingine wapate mabawa wakati wangu amelala na sindano mkononi. Mlaumu mama yako kama kuna wa kulaumiwa.

Vilivyobaki sijavigusa. Umesema ving'olewe, kaka yako akachukua panga, nikamzuia. Si kwamba nina moyo. Naogopa. Sijui lipi ni lipi. Nasimama mlangoni na kila jani naliona kama lina kitu. Lile lenye maua meupe ni giligilani yangu au ni kingine? Kile cha kwenye ndoo kilichoota chenyewe ni nini? Nikiking'oa kwa mkono, kinadhuru mkono? Mlango nimeufunga, na Kifaranga anakaa nyuma yake analia anataka wageni wake. Katika nyumba hii anayevijua ni wewe peke yako, na uliyekosea ni wewe, na hayo yote mawili yanamhusu mtu mmoja ambaye sitamruhusu abaki shuleni likizo. Utakuja. Nitakuangalia mikono, na uso, na kila kitu, maana ni mwanangu.

Barua sitajibu nyingine. Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 26, saa kumi jioni nitakuwa nimetoka kiwandani. Nenda kwenye zile ngazi za ofisi, panda, upige. Ukapekue kwanza kila kitabu, na usiishie ukurasa wa kwanza. Mimi nitafungua mlango wa roshani, nisimame na simu sikioni. Utanitajia mmea mmoja mmoja, jina lake, na kama unaua au hauui. Ukiniambia ng'oa, nang'oa. Ukiniambia acha, naacha.

Mguu wangu hautavuka kizingiti mpaka nisikie sauti yako.

Mama